Kitabu hiki ni cha nani? Namna ya kumfikishia msomaji kitabu kipya cha mwandishi anayejichapishia

Vitabu vingi vipya hulala chini ya kitanda. Nimeshuhudia Temeke, nimeshuhudia Morogoro: mwandishi anainama, anavuta boksi, anapangusa vumbi kwa kiganja, halafu anakupa nakala moja kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Alichapa nakala mia tano kwa akiba yake. Mia moja na hamsini zilitoka siku ya uzinduzi, nyingi kwa ndugu na wafanyakazi wenzake. Zilizobaki zinasubiri.

Mara nyingi kitabu chenyewe hakina ubaya. Mwandishi huyu ndiye mtunzi, ndiye mfadhili, ndiye bohari, ndiye muuzaji, na jioni ana kazi nyingine inayomlisha. Kinachokosekana ni mtu wa kukichukua kitabu kwake na kumpelekea msomaji kinayemfaa. Kujichapishia si jambo geni kwetu. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers na kuitumia kutolea riwaya zake mwenyewe miaka ya 1980. Kilichobadilika ni kwamba leo waandishi wa namna hiyo ni wengi, na wanaowatambulisha kwa wasomaji ni wachache.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo: mwalimu, mkutubi, mtangazaji wa redio ya jamii, msimamizi wa kundi la wasomaji, au yeyote ambaye watu humuuliza, "Nisome nini?" Huhitaji ofisi. Unahitaji muda wa kusoma, na moyo wa kumwambia msomaji ukweli.

1. Kinunue

Waandishi watakupa nakala za bure mara tu watakapojua unafanya kazi hii. Ukiweza, nunua, angalau vitabu vya mwanzo. Ukinunua unapita njia ileile atakayopita msomaji wako. Ile namba ya simu iliyo nyuma ya jalada inapokelewa? Ukituma pesa, jina linalotokea ni la mwandishi, la mume wake, au la mtu usiyemjua? Kitabu kilifika siku ya pili au wiki ya tatu? Kilifungwaje?

Suala la jina lina uzito kuliko linavyoonekana. Msomaji anayetuma shilingi 12,000 kwa mtu asiyemfahamu, akaona jina tofauti na lile la kwenye jalada, atasitisha muamala papo hapo. Anaogopa utapeli, na ana haki ya kuogopa. Mwombe mwandishi atumie namba iliyosajiliwa kwa jina lake, au utangulize maelezo: "Jina litakalotokea ni la fulani, ni mke wa mwandishi."

Ukipokea nakala ya bure, mwambie msomaji wako hivyo. Sentensi moja inatosha.

2. Kikague kama unavyokagua kiatu

Kabla hujasoma, kishike. Fungua katikati na ukikunjue kwa nguvu kidogo uone kama gundi ya mgongo inashika au kurasa zinaanza kuchomoka. Pekua kurasa zote kwa kidole gumba ukiangalia namba.

Hili la namba nalisisitiza kwa sababu lilinikuta. Niliwahi kukisifia kitabu mbele ya kikundi cha walimu, wakanunua nakala saba. Baada ya siku mbili mwalimu mmoja akanipigia: "Ndugu yangu, bwana harusi yuko mlangoni ukurasa wa 64, nikifunua nakuta msiba ukurasa wa 81." Kurasa 16 kamili hazikuwemo. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kisha mafungu hayo hupangwa na kushonwa au kugundishwa. Fungu moja likisahaulika pale kiwandani, kitabu kinatoka na pengo. Nakala yangu ilikuwa nzima. Tatu kati ya zile saba hazikuwa nzima. Mchapaji alikubali kuzibadilisha baada ya kubembelezwa sana, lakini walimu wale walichukua muda kuniamini tena. Siku hizi, kabla ya kumpeleka mwandishi yeyote mbele ya watu, namwomba apekue angalau nakala ishirini kutoka maboksi tofauti.

Tazama pia ukurasa wa hakimiliki. Je, una mwaka wa toleo, jina la mwenye haki, anwani inayofanya kazi, na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu? Namba ya ISBN ina tarakimu 13. Zinazoanza na 978-9976 au 978-9987 zimetolewa Tanzania, zinazoanza na 978-9966 zimetolewa Kenya. Kitabu kisicho na namba hiyo bado ni kitabu, na msomaji atakifurahia vilevile, ila maduka makubwa na maktaba watasumbuka nacho. Kwa Tanzania namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mwandishi asiyejua hilo, mweleze kwa upole. Wengi hudhani ni jambo la wachapishaji wakubwa tu. Na kama ni kitabu cha watoto ambacho mwandishi anataka kitumike shuleni, muulize amefikia wapi na Taasisi ya Elimu Tanzania, au KICD, taasisi ya mitaala, akiwa Kenya, usije ukamwahidi mwalimu mkuu kitu kisichoruhusiwa bado.

3. Kisome chote, penseli mkononi

Hakuna njia ya mkato hapa. Ukitambulisha kitabu kwa kusoma maelezo ya jalada la nyuma, msomaji atajua. Maelezo yale yaliandikwa na mwandishi aliyechoka, usiku wa mwisho kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Ninaposoma natia alama mahali pa namna tatu: ukurasa ambao nilisahau chai yangu ikapoa, mahali niliposimama kwa sababu sikuelewa au sikuamini, na mahali ambapo sura ya mtu ninayemjua ilinijia kichwani. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kwa kazi yetu, nitairudia.

Makosa ya uchapaji utayakuta. Mwandishi anayejichapishia mara nyingi hakuweza kumlipa mhariri na msahihishaji wote wawili. Yaorodheshe kwa namba za kurasa, umtumie yeye peke yake, ili toleo la pili litoke safi. Ujumbe wa namna hii haumuumizi mtu: "Habari za leo, dada. Nimemaliza kitabu chako jana usiku, na sura ya tano sitaisahau. Kuna mahali kumi na moja nimeona herufi zimeruka, nakuorodheshea hapa chini kwa ajili ya toleo lijalo." Makosa yakiwa mengi kiasi cha kukwamisha usomaji, mwambie asubiri, na wewe subiri naye.

Na kama kitabu hakikukugusa kabisa? Usikitambulishe. Huu si uhakiki, ambako unawajibika kusema zuri na baya mbele ya watu. Unachofanya ni kumshika msomaji mkono na kumwambia "njoo huku". Ukimshika mkono mara tatu ukampeleka pasipo na kitu, mara ya nne hatakuja, na mwandishi wa nne, ambaye pengine ndiye bora kuliko wote, ataumia kwa makosa yako. Mjibu mwandishi kwa heshima kwamba hukuona namna ya kukiombea wasomaji, na kwamba mwingine anaweza kuiona. Ni jibu gumu kulitoa. Litoe hivyohivyo.

4. Jiulize: ni cha nani?

"Kitabu hiki kinamfaa kila mtu" ni sentensi iliyoua vitabu vingi. Huyo "kila mtu" hana namba ya simu. Rudi kwenye zile sura zilizokujia kichwani ulipokuwa unasoma. Alikuwa shangazi yako anayelea wajukuu? Kijana wa gereji anayesoma riwaya za kipelelezi akisubiri magari? Nesi wa zamu ya usiku? Andika jina la mtu huyo mmoja juu ya karatasi, halafu andika utambulisho wako kana kwamba unamwandikia yeye.

Hapa pia angalia lugha. Riwaya ambayo mazungumzo yake yamejaa Sheng ya Nairobi inaweza kumpendeza sana msomaji wa Tanga, ila aambiwe mapema asije akadhani ni makosa. Tawasifu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi ina misamiati na mpangilio wake, na msomaji wa Unguja akijulishwa ataisoma kwa hamu badala ya kuisoma kwa kalamu nyekundu.

Kitabu cha watoto usikihukumu peke yako. Msomee mtoto. Tazama macho yake: ukurasa ambao anageuka kumwangalia paka, na ukurasa ambao anashika mkono wako usifunue haraka. Hayo ndiyo ya kumsimulia mzazi.

5. Andika

Huu ndio utambulisho ninaokutana nao kila wiki, kwa maneno yaleyale:

"Ni riwaya ya kusisimua inayogusa maisha halisi ya jamii yetu. Mwandishi ametumia lugha nyepesi na ya kuvutia. Ni kitabu ambacho hutaki kukiweka chini. Usikose! Jipatie nakala yako leo!"

Ukiyasoma maneno hayo, utajua kitabu kinahusu nini? Maneno hayo unaweza kuyabandika kwenye kitabu chochote duniani, na kwa hiyo hayamwambii msomaji lolote. Sasa tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba riwaya hiyo inahusu mama muuza dagaa wa Mwanza. Mimi ningeandika hivi:

"Mama Kulwa ana siku tatu za kurudisha mkopo wa kikundi. Dagaa wake wamelowa mvua chanjani, mwanawe hapokei simu, na mweka hazina wa kikundi ni wifi yake. Riwaya inatembea naye siku hizo tatu, kutoka mwalo wa Kirumba hadi Ukerewe, wala haina haraka: kuna sura nzima ya wanawake wakianua dagaa usiku huku wakisemana. Kama umewahi kumdhamini ndugu kwenye mkopo, utaijua hofu ya mama huyu kabla hujamaliza sura ya kwanza. Anayetafuta kisa cha mbio na bastola, si hiki. Kurasa 184, shilingi 12,000, kinapatikana kwa mwandishi mwenyewe."

Tazama kilichomo. Mtu mwenye jina na shida yenye tarehe ya mwisho. Mahali panapojulikana. Kitu kimoja kilichoonwa kwa karibu, yaani wale wanawake usiku, kwa sababu kinathibitisha kwamba nimesoma. Mwendo wa kitabu, wa haraka au wa polepole, ili msomaji asijisikie amedanganywa. Kisha anayekifaa na asiyekifaa. Hiyo sentensi ya "si hiki" waandishi huiogopa, huniomba niifute. Siifuti. Msomaji akiona umethubutu kumwambia kisichomfaa, anaanza kukuamini unapomwambia kinachomfaa.

Usifichue zaidi ya robo ya kwanza ya kisa. Mwisho usiuguse hata kwa fumbo, maana wasomaji wetu ni hodari wa mafumbo.

Diwani ina taratibu zake. Usieleze mashairi yanahusu nini. Weka ubeti mmoja, mzima. Nimeona watu wakinukuu mishororo miwili ya juu na kuacha kituo, yaani mshororo wa mwisho, na shairi linabaki kama mlango usio na bawaba. Muulize mtunzi lina bahari gani, yaani ni shairi la aina gani, na huimbwa kwa mahadhi yapi, kama huimbwa.

6. Acha ukurasa mmoja ujisemee

Hata utambulisho mzuri namna gani hauwezi kushindana na ukurasa wenyewe. Mwombe mwandishi ruhusa, kwa maandishi, ya kutumia ukurasa mmoja. Wengi hupendekeza ukurasa wa kwanza. Mimi huchukua ule niliosahau chai yangu.

Kisha usome kwa sauti. Kiswahili kimezoea sikio kabla ya jicho, na anayesoma kwa sauti wengi wetu tulimjua kwanza kwenye redio au kwa bibi. Ukurasa wa maneno kama 250 utakuchukua dakika mbili hivi, muda unaotosha kabisa kwa ujumbe wa sauti au kipengele cha redio. Usome mara tatu peke yako kwanza, kwa utulivu, bila muziki chini yake. Mara moja nilirekodi jikoni, mvua ikipiga mabati, nikadhani nimeharibu. Watu wawili wakaniuliza ile mvua ilikuwa ndani ya hadithi. Lakini kwa kawaida tafuta chumba kimya, hata ndani ya kabati la nguo.

Jambo moja nisilolilegezea: nakala ya PDF aliyokupa mwandishi usimtumie mtu yeyote, hata rafiki wa damu. Faili likishaingia kwenye kundi moja, ndani ya jioni liko kwenye makundi kumi, na maboksi ya chini ya kitanda hayatatoka tena. Ukiwa na hofu, mwombe mwandishi aweke jina lako kwenye kila ukurasa wa nakala yako, ikuwekee mpaka.

7. Chagua mahali na siku

Rudi kwa yule mtu mmoja. Yuko wapi jioni? Kitabu cha malezi kinauzika saluni na kwenye kikoba kuliko kwenye ukumbi wa chuo. Riwaya ya kipelelezi ipeleke kwenye vijiwe na stendi. Kitabu cha historia ya mji fulani kitambulishwe katika mji huohuo kwanza, maana watu wake watakisahihisha na kukinunua kwa mkupuo mmoja.

Kwenye kundi la WhatsApp ujumbe mrefu hukatwa, na msomaji huona mistari ya juu tu hadi abonyeze "soma zaidi". Kwa hiyo salamu ndefu na jina la kundi lako lisikae juu; Mama Kulwa na siku zake tatu wakae juu. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, basi irudie siku nyingine kwa sentensi nyingine kutoka kitabu kilekile. Tangaza kitabu kimoja kwa wiki. Ukitangaza vitano, umetangaza orodha ya bei.

Kalenda nayo inasaidia. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuanza kuadhimishwa 2022. Tanzania siku hiyo ni Sabasaba, watu wako mapumzikoni, na redio zinatafuta cha kusema kuhusu Kiswahili. Waandikie wiki tatu kabla. Nairobi huwa na maonyesho makubwa ya vitabu kila Septemba. Januari iache: ada za shule zimemaliza pochi.

8. Hakikisha kinafika

Kila utambulisho umalizike kwa bei, namba ya kulipia na jina litakalotokea, mji kilipo kitabu, na gharama ya kukisafirisha. Wasomaji wakilazimika kuuliza "bei gani?" na kujibiwa "njoo inbox", nusu yao wameshaondoka.

Mikoani vitabu husafiri kwa basi. Mfundishe mwandishi kufunga: nailoni kwanza, kwa sababu buti la basi huvuja, kisha karatasi ngumu pembeni ili kona zisivunjike, halafu jina la mpokeaji, simu yake na kituo, vyote kwa kalamu isiyofutika. Achukue risiti ya mzigo, aipige picha, amtumie msomaji pamoja na jina la basi. Msomaji wa Muscat au Minneapolis mtafutie msafiri wa kubeba mkononi, au umshauri mwandishi aandae nakala ya EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo cha simu. Kurasa za PDF kwenye simu ndogo zinachosha macho.

9. Rudi baada ya wiki mbili

Wapigie waliokinunua. Usiulize "Umekipenda?", maana watakujibu ndiyo kwa adabu. Uliza, "Umefika wapi?" Jibu la swali hilo halina adabu, lina ukweli. Watano wakikwama sura ileile, una habari ya kumpelekea mwandishi kwa ajili ya toleo la pili. Mmoja akikwambia alimwazima jirani, andika maneno yake vilevile alivyoyasema, umwombe ruhusa, uyatumie kama utambulisho wa pili.

Kisha mpelekee mwandishi yote. Mwaka jana nilimsomea mwandishi mmoja wa Morogoro kwenye simu ujumbe wa fundi cherehani wa Songea, aliyesema alikatisha kushona sare ya shule ili amalize sura. Akanyamaza muda mrefu, halafu nikasikia boksi likivutwa sakafuni. "Subiri kidogo," akaniambia, "nahesabu zimebaki ngapi."